Nilitumwa Dar es Salaam kumrudisha mtoto

Wamama wapenzi, wengi mliniuliza sokoni na kanisani: "Mwalimu, ulienda kufanya nini Dar es Salaam?" Nilijibu kwamba nilienda kutembea. Haikuwa kweli yote. Dada yangu mkubwa alinituma nimrudishe mtoto wake nyumbani.

Mtoto mwenyewe ana miaka 26. Baba yake ni dereva wa lori, Mtanzania wa Mbeya, mmoja wa wale wanaopeleka shaba yetu baharini. Alikulia hapa Kolwezi, akamaliza sekondari, kisha akaenda kwa ndugu za baba yake kusomea uandishi wa habari. Sasa anatafuta habari za redio. Kwenye simu mama yake alikuwa anasikia mambo mawili tu: hajaolewa, na malipo yanachelewa. Basi vakansi ya Julai ilipofika nikapewa franka za nauli pamoja na maneno ya kwenda kusema.

Safari ilichukua siku nne kwa basi. Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia yote mpaka Nakonde, kisha Tunduma na Mbeya. Njia nzima tulikuwa nyuma ya malori ya shaba, mabamba yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Miguu ilinivimba mpaka viatu vikakataa.

Anapanga chumba kimoja Kigamboni, ng'ambo ya bandari. Asubuhi ya kwanza aliniamsha saa kumi na moja, giza bado. "Mama mdogo, kama unataka kuona kazi yangu, twende sasa." Tukapanda kivuko, shilingi 200 kila mmoja, tumebanana na watu wa ndoo, baiskeli na watoto wa shule. Julai ni majira ya kusi, upepo unatoka kusini na bahari inakasirika. Mimi mtu wa vumbi la Kolwezi nilishika chuma kwa mikono miwili. Yeye alikuwa anakunywa chai.

Ng'ambo ya pili kuna soko la samaki wanaloliita Feri. Pale mnada unafanyika kwa kelele, samaki wamelazwa chini, wanaume wanataja bei. Nilidhani atakwenda kwa wakubwa wa soko. Akaenda nyuma, kwenye majiko, kwa wamama wanaokaanga samaki. Akawauliza leo wamenunua kwa kiasi gani, jana ilikuwa kiasi gani, na nyumbani watapika nini kama samaki wote watauzwa. Mama mmoja alimjibu huku anageuza samaki, bila hata kumtazama, na jibu lile ndilo lililotoka hewani mchana. Kurekodi sauti yake mwenyewe, alikaa kwenye ngazi, akajifunika kanga kichwani ili upepo usiingie kwenye simu. Watu walipita kama hawamwoni. Nadhani wamemzoea.

Analipwa kwa habari iliyotangazwa, siyo kwa siku aliyofanya kazi. Habari ikikataliwa, nauli na bando ni hasara yake. Kwa hiyo yeye na wenzake saba, wote wasichana wa habari, wanacheza mchezo, ile ile likelemba yetu: kila wiki kila mmoja anatoa, mmoja anachukua. Ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Nilipomwambia kwamba hapa kikundi chetu kilianza vilevile, na watu sita tu, alicheka sana.

Lugha ilituchekesha pia. Nilimwambia jirani kwamba bibi ya kaka yangu amejifungua mapacha. Yule mama akashika kinywa. Kule bibi ni mama wa baba au wa mama, siyo mke wa mtu! Na bukari wanaiita ugali, sombe ni kisamvu, lakini wanakitia nazi, na hapo sitawasema vibaya.

Usiku wa nne nilisema yale maneno ya dada yangu. Rudi nyumbani, utapata kazi Kolwezi, kuna redio nyingi, utaolewa. Alinyamaza, akaendelea kuosha vyombo. Halafu akanieleza kwa nini malipo ni madogo. Zamani alikuwa na mkataba mahali pengine, mshahara wa kila mwezi. Mkubwa wake wa kazi alimwambia mkataba hautaongezwa mpaka wakutane hotelini. Alikataa, na mkataba ukaisha. Mama yake hakuambiwa kwa sababu angesema: unaona sasa?

Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Kwetu sisi tuliosoma chuo cha ualimu jambo hili si geni. Tunajua alama zinazouzwa namna hiyo, na tunajua wasichana walioacha masomo kimya, watu wakasema hawana akili. Tanzania ina sheria ya rushwa ya 2007 inayolitaja kosa hili wazi. Sisi Kongo tuna sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono, nayo pia inaadhibu anayemsumbua aliye chini yake kazini au shuleni. Wangapi kati yetu tumewahi kuwasomea binti zetu?

Kisha akatoa chini ya godoro gazeti la zamani, kurasa zimekunjamana. Ni Sauti ya Siti, gazeti la chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987. Jina ni la Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyekuwa anatembeza vyungu vya mama yake akiuza, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani. Wanawake wa chama hicho walipigania sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. "Hawa walianza kabla sijazaliwa," akasema. "Mimi nikirudi, nani atakwenda kwa wamama wa majiko?"

Sikuwa na jibu. Maneno ya dada yangu yaliniishia.

Nilirudi peke yangu. Dada hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu nilimweleza yote, kwa ruhusa ya mtoto, milango imefungwa. Alilia, akakasirika, kwanza na mimi, halafu na yule mwanaume, halafu akaniuliza kama redio ile inasikika kwenye simu.

Inasikika, ukiwa na bando. Jioni anakaa nje na simu kwenye kopo ili sauti iwe kubwa. Kule saa imetutangulia kwa moja, kwa hiyo mara mbili amechelewa habari akanigombeza mimi. Juzi alisikiliza mpaka mwisho, akazima, akasema mtoto anazungumza kama mtu wa pwani kabisa, na tena anasema haraka mno.