Vitumbua vya Qarangasho

Miaka ya mwanzo si mimi niliyewalea wanangu. Aliyewalea ni mavyaa. Nilifika Ibra mwaka 1975, mtoto wa kiume mkononi na mwingine tumboni, nikitokea Dar es Salaam, tulikohamia baada ya Unguja kupinduliwa. Bwana wangu alizaliwa Ibra, akachukuliwa Unguja na ami yake tangu kijana. Mama yake hakuwahi kuvuka bahari. Alikuwa akikaa katika nyumba ya udongo karibu na Al Minzafah, penye majumba makubwa yaliyojengwa na watu waliotajirika kwa biashara ya Afrika Mashariki. Kiswahili hakukijua. Na mimi Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni: Yasini naisoma bila kukosea, lakini kuomba chumvi jikoni siwezi.

Basi mtoto wa pili alipozaliwa, wa kike, mavyaa alimchukua akamwogesha, akamfunga mikono na miguu kwa kitambaa mpaka akanyooka kama mwiko, akampaka wanja. Nilinyamaza. Nilipokataa ni pale mtoto alipoanza kuharisha, naye akatia chuma motoni amchome tumboni, kama alivyochomwa yeye na mama yake kabla yake. Nilimkumbatia mwanangu nikasema "La!", neno la Kiarabu nililolijua vizuri. Bwana wangu akasimama mlangoni asijue amtii nani. Mwishowe jirani mwenye gari alitupeleka kwa daktari, na nilipotoka nje nilimkuta mavyaa keshapanda, kakaa kiti cha mbele, kajitanda vizuri. Daktari alipomaliza kueleza namna ya kuchanganya maji na chumvi na sukari, aliyeuliza maswali mengi ni yeye.

Nisimdhulumu, kwani mengine aliyajua kunishinda. Kila alfajiri na kila magharibi aliwapeleka watoto kwenye falaji, mfereji wa kale unaoleta maji mashambani, akawaosha nyuso na macho mpaka wanalia. Siku zile Oman vikope vilikuwa vikipofusha watu, na nzi walikuwa hawahesabiki. Mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani lilipoitangaza Oman kuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa kuutokomeza ugonjwa ule, mavyaa alikuwa keshafariki. Sifa zilikwenda kwa serikali, na ni haki yake. Mimi nilimkumbuka bibi yule na mikono yake ya baridi.

Watoto wakishajua kukimbia, hofu inahamia kwenye wadi. Mgeni hawezi kuielewa: mto mkavu, mawe matupu, watoto wanachezea mpira humo, na mbingu juu ya Ibra ni nyeupe. Kumbe mvua imenyesha milimani tangu asubuhi, na maji yanakuja kwa kishindo na miti ndani yake. Tuliwafunza kukimbilia mahali pa juu kwanza, kuuliza baadaye. Mpaka leo nikisikia ngurumo za mbali nahesabu vichwa, ingawa vichwa vyenyewe vina mvi.

Skuli ndiyo iliyonichukulia watoto kwa namna nisiyoitazamia. Kabla ya mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, zote za wavulana. Wanangu walisoma pamoja na watoto ambao mama zao hawakuwahi kushika kalamu. Mkubwa wangu alirudi siku moja akaniambia, "Mama, usiniite kwa Kiswahili mbele ya wenzangu." Walikuwa wakimwita Zinjibari. Nililia chumbani, nikatoka nikamwambia basi nifunze hicho Kiarabu chenu. Jioni alikuwa akinisomesha kitabu chake cha darasa la pili, mkali kuliko mwalimu wa chuoni, akinipiga vidole kwa rula nikikosea.

Kilichomwokoa, kama ni kuokolewa, ni vitumbua. Katikati ya Ramadhani, usiku wa Qarangasho, watoto hupita nyumba kwa nyumba wakigonga mawe na kuimba, wakipewa halua na njugu. Mimi nilikaanga vitumbua. Mwaka uliofuata wale wale waliomcheka mwanangu walijipanga mlangoni kwangu hadi uchochoroni, na yeye ndiye aliyekuwa akigawa, kifua mbele.

Mwaka 1988 sitaki kuusimulia sana. Ugonjwa wa kupooza ulizuka nchini, na mpaka ulipokwisha mwaka uliofuata watoto 118 walikuwa wamepooza, wengi wao wakiwa wameshapewa matone ya chanjo. Kitinda mimba wangu alikuwa mchanga. Kila asubuhi kabla ya chai nilimkuna nyayo nione kama atavuta mguu. Aliuvuta, alhamdulillahi.

Walipobaleghe, Kiswahili kilirudi chenyewe. Kijana aliyekionea haya sasa alikizungumza kwenye simu na binamu zake wa Maskati, ili bibi yake asijue nani kapata gari na nani anatafuta mchumba. Binti alipopata nafasi katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa mwaka 1986, ami zake walikuja nyumbani kulaumu: msichana kulala mbali na kwao! Mavyaa aliwamiminia kahawa, akawauliza, "Na karatasi zangu za hospitali atanisomea nani? Nyinyi?" Wakanywa, wakaondoka.

Binti huyo aliolewa Sur, na mwezi wa Juni 2007, kimbunga Gonu kilipopiga pwani ile na simu zikakatika, nilijua kwamba malezi hayana mwisho. Mwingine yuko Nizwa. Kwake huyo huwa naenda kabla ya Idi, kwa sababu ya soko la mbuzi la Ijumaa: wanyama wanazungushwa katikati, wanunuzi wamezunguka, kelele mpaka kichwa kinauma. Mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi, alipenda beberu mmoja mweusi. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Usioneshe kwamba umempenda. Anachechemea huyo, tutamshusha bei."

Muuzaji, mzee mwenye bakora, akageuka. "Bibi, huyu hachechemei, kakanyaga jiwe. Mimi nimeuza mbuzi Tabora kabla baba yake mtoto huyu hajazaliwa."

Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Tukamnunua beberu, na mzee yule hakutupunguzia hata riali.