Nyuzi Ngapi?

Swali la kwanza aliloniuliza mama kwa simu kutoka Tanga, baada ya kuhakikisha kwamba mtoto amelia, lilikuwa hili: "Wamekushona nyuzi ngapi?" Nilishindwa kumjibu. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyoupima uzazi: fulani tatu, fulani saba. Nami nilikuwa nimetolewa chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya Stockholm, ganzi ingali imenishika kutoka kiunoni hadi miguuni, na hakuna aliyehesabu.

Walichopima ni kina. Kondo lilipokwisha kutoka, mkunga alimwita mwenzake, wakavuta taa, wakatazama pamoja. Kisha akaniomba ruhusa, akapima kwa kidole upande wa nyuma. Daraja la kwanza ni ngozi na utando. La pili ni misuli ya msamba. La tatu hufika kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa, na la nne huutoboa utumbo wenyewe. Mawili ya mwanzo mkunga huyashona mwenyewe, kwa ganzi ya sindano, na mara nyingi kwa uzi mmoja mrefu usiokatwa mpaka mwisho, kwa hiyo hata ukitaka kuhesabu huna cha kuhesabu. Langu lilikuwa la tatu, nalo ni la daktari. Alinieleza kwamba msuli ule ni duara, na ukikatika ncha zake hurudi ndani kama kamba ya kufungia mfuko. Kazi ni kuzitafuta ncha mbili na kuzikutanisha. Zisipotafutwa, ngozi itashonwa vizuri juu yake, na jeraha litaonekana limepona.

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia nikayapita.

Waswidi huliita jeraha hili bristning, kutokana na kitenzi kilekile wanachokitumia kwa moyo unaopasuka na kwa mtu anayeangua kilio. Sisi twasema kuchanika, kama kanga. Neno msamba lenyewe nililijua kwa michezo ya utotoni tu, tulipokuwa tukishindana kupiga msamba uani. Lugha yetu ina adabu nyingi kuhusu mahali hapa: haja kubwa, huko chini, sehemu za siri. Naipenda adabu hiyo, wala sina hamu ya kuibadilisha kwa ukavu wa Kiswidi. Lakini twasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kisha tunanyamaza. Baada ya hapo mzazi hukandwa kwa maji ya moto, huhesabiwa arobaini, basi.

Huku hawanyamazi. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika wodi tano za uzazi nchini Sweden, kuhusu wanawake wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza. Wakunga walipokuwa wawili badala ya mmoja wakati wa kusukuma, machaniko makubwa yalishuka kutoka asilimia 5.7 hadi 3.9. Jozi moja zaidi ya mikono na macho, si mashine. Tena ipo rejista ya kitaifa ya majeraha haya, nayo humwandikia mzazi baada ya wiki nane, na tena baada ya mwaka.

Dodoso la wiki ya nane nililijaza mama akiwa kwenye simu. Mambo kama haya kwetu ni ya somo, si ya mama, na somo wangu amekwisha kufariki. Nikamsomea maswali ili kumchekesha: sikia, mama, Wazungu wanavyouliza. Je, hutokwa na upepo bila kukusudia? Kila siku, kila wiki, mara chache?

Mama hakucheka.

"Tangu wewe," akasema.

Nilizaliwa mwaka 1986, mtoto wake wa kwanza na wa mwisho. Nilikua nikimwona akitia udhu, akisali, kisha akitia udhu tena kabla hata maji hayajakauka mikononi. Shangazi zangu waliusifu ucha Mungu wake. Harusini alikaa karibu na mlango, na kabla ngoma haijakolea alikuwa amekwisha kuondoka. Tukasema hapendi makelele. Sheria inamwekea nafuu mwenye udhuru wa kudumu, najua, lakini ili kuiulizia nafuu hiyo sharti kwanza uutaje udhuru wenyewe, na mbele ya shehe gani?

"Walikushona, mama?"

"Walinishona. Nyuzi tano. Usiku, kwa taa ya chemli. Wakasema nimepona."

Mtoto aliamka, nikamnyonyesha, simu ingali sikioni. Nilidhani amekwisha kukata. Kisha nikamsikia akivuta kiti.

"Hayo maswali," akasema, "yako mangapi? Anza tena la kwanza. Polepole."

Nikageuza bahasha, nikatafuta kalamu.