Shilingi Moja Iliyobaki

Baada ya arobaini ya baba tulikaa jikoni, kwa sababu ya baridi, kugawana pesa za viazi vyake vya mwisho. Ilikuwa Matamba, pembeni mwa Kitulo. Zilipatikana milioni moja kamili. Tungepata zaidi kama mnunuzi asingetaka lumbesa, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombania magunia.

Baba mdogo akasema tugawe kwa sita. Alisema polepole, akitazama moto. Watoto wa ndani ya ndoa ni sita. Mimi ni wa saba, nililetwa pale nikiwa na miaka minne. Nilinyamaza. Dada mkubwa akachukua simu, akagawa kwa saba, akatuonyesha kioo: 142,857.142857.

"Kila mtu laki moja na arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba," akasema. "Inabaki shilingi moja. Hiyo, baba mdogo, chukua wewe."

Walicheka wote isipokuwa yeye na mimi. Mimi nilikuwa nimeona tarakimu zinajirudia.

Kesho yake, basi likishuka kona za Hamsini na Saba kwenda Chimala, nilianza kuzidisha nyuma ya tiketi. Mara mbili: 285,714. Mara tatu: 428,571. Tarakimu zilezile, kwa mpangilio uleule, ila mwanzo umehama. Mara nne 571,428, mara tano 714,285, mara sita 857,142. Nilipofika saba nilisita, kama anayesubiri jina lake lisomwe. 999,999. Tisa tupu.

Makambako, nikisubiri gari la Njombe, niliendelea. 142 na 857 ni 999. 14, 28 na 57 ni 99 (na hiyo 57 ndiyo kona nilizotoka kuzishuka, ingawa hilo halithibitishi chochote). Zidisha namba hii kwa yenyewe upate 20,408,122,449. Ukate vipande viwili, 20,408 na 122,449, uvijumlishe: 142,857 imerudi. Namba za tabia hiyo zina jina la Kaprekar, mwalimu wa shule wa India aliyependa kuchezea tarakimu.

Siri yenyewe ni ya darasa la nne. Gawa 1 kwa 7 kwa mkono, uangalie mabaki: 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1, ndipo unarudi ulikoanza. Kila baki linalowezekana linapita mara moja, halirukwi hata moja. Kuzidisha kwa mbili ni kupanda gari lilelile kwenye kituo cha baki 2. Si kila namba iko hivyo. Ukigawa kwa 13, mabaki hugawanyika makundi mawili, sita huku na sita kule, na hayakutani kamwe. Hilo nililifikiria muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Usiku nilimpigia dada nikamweleza yote, hadi zile tisa sita.

"Kwa hiyo bila wewe haijai?" akauliza.

Nikasema kihesabu siyo hivyo hasa, kwamba saba ndiyo iliyoizaa namba tangu mwanzo.

"Haya. Umekula?"