Fungu la Mboga Sokoni Kamanyola

Msafiri atokaye Bukavu hupita Nyangezi, kisha huanza kuteremka Ngomo kwa njia yenye kona nyingi. Baridi ya ziwa hubaki nyuma, na mbele hufunguka bonde la Ruzizi, tambarare na lenye joto. Bukavu i katika kimo cha mita 1,500 hivi. Kamanyola i mamia ya mita chini yake, mkabala na Bugarama ya Rwanda. Tofauti hiyo ya hewa ndiyo impotezayo mama mgeni hesabu yake anapofika sokoni.

Huko juu, lengalenga za asubuhi zaweza kungoja kesho yake zikiwa bado na uhai. Huku bondeni, majani yaliyochumwa alfajiri hulegea kabla ya jua la utosi, hata muuzaji akiyanyunyizia maji. Basi asidhani mtu kwamba kununua ya siku 2 ni kuweka akiba.

Tena majani hayalingani. Lengalenga ni maji karibu sehemu 9 katika 10. Huingia chunguni zikifurika, na punde si punde hubaki kitako tu. Mama mwenye watoto 6 akinunua kwa macho, wadogo watakula bugali mkavu. Wewe mama msomaji, ufungue fungu kabla ya kulipa. Mashina manene hulifanya liwe kubwa bure, na majani ya manjano hufichwa katikati. Ukiisha kuyatoa, majani mabichi yajazayo viganja 2 vilivyokutanishwa, mara 2, ndiyo kadiri ya mlaji mmoja mkubwa.

Sombe ina hesabu nyingine kabisa. Iliyokwisha kutwangwa haipungui sana motoni, kwa hiyo wengi hununua nyingi, wakifurahia wingi wake. Lakini sombe hupimwa kwa makaa. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga vizuri huifungua sumu hiyo, na kuyachemsha kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi kwanza, huiondoa. Aliyenunua sombe kupita makaa yake huiepua mapema, akasema imeiva kwa kuwa imekuwa laini. Hapo ndipo penye hatari, hasa kwa watoto. Kongo yetu inaujua ugonjwa wa konzo, upoozao miguu kwa watu walao mfululizo muhogo usiotengenezwa vema, wasiopata chakula kingine cha kutosha.

Kwa maoni yangu, mwenye makaa ya saa 1 tu anunue lengalenga au matembele, asione haya. Makaa yakiwepo, sombe ichemke hata saa 2, ndipo mawese na vitunguu vifuate. Ndagala wachache watokao upande wa Uvira watatosha kuikamilisha.