Wenye Nyumba za Wageni wa Makutano

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Thika hufika mahali ambapo barabara hugawanyika: moja yaendelea Sagana, Karatina na Nyeri, ya pili yapinda kuume kwenda Embu, Chuka na Meru. Hapo ndipo Makutano, na jina lenyewe laeleza kazi ya mahali.

Wenye nyumba za wageni hapo hushindana kila jioni. Huyu akipaka ukuta rangi ionekanayo kutoka mbali, yule hupanda maua mlangoni. Huyu akitoa chai na mandazi asubuhi, yule huongeza mayai. Wali ni wa mchele wa Mwea, ulimwao papo karibu. Basi ushindi hutegemea mkono wa mpishi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba ya wageni haipendi methali hiyo. Yeye huomba mgeni akae hata siku ya kumi.

Lakini mashindano hayo yana mpaka. Basi likiharibika usiku na abiria wakazidi vitanda, aliyejaza hushika tochi akamwongoza mgeni hadi kwa mshindani wake. Wala si ukarimu mtupu. Aliyelala vibaya hatakumbuka jina la nyumba. Atasema tu kwamba Makutano hapalaliki, na safari ijayo atapitiliza mpaka Embu. Kwa hiyo shuka chafu la mmoja ni hasara ya wote.