Rangi ya Maji, Milima ya Watu

Basi likishaiacha barabara kuu ya Arusha pale Mombo, kinachobadilika kwanza ni hewa. Joto la bondeni, lile lenye vumbi na harufu ya mkonge, linabaki chini pamoja na wauza machungwa wa stendi. Kona chache juu, abiria wa dirishani anaanza kufunga kioo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi tu, lakini ndani ya mwendo huo mtu anapanda kutoka kama mita 400 hadi kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Njia yenyewe imechongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani: mkono mmoja jabali, mkono mwingine bonde lenye mto unaojitokeza na kupotea. Ukifika Soni unayasikia maporomoko kabla hujayaona, na wanawake wenye mabeseni ya peasi wamekwishafika dirishani.

Mimi ni mchoraji wa rangi ya maji, na huku ndiko niliko na mume, watoto, mama mkwe na ng'ombe mmoja wa maziwa. Watu wa Dar es Salaam wanaposikia kwamba mtu anachora, mara nyingi hufikiria Tingatinga, na wana sababu nzuri. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mjini humo mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vibao, aliipa nchi hii sura ambayo dunia inaitambua hadi leo. Rangi ile ni nzito, hukauka na kufunika kabisa kilicho chini yake. Rangi ya maji haifuniki. Nyeupe ya wingu ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, na kijani cha mbali ni maji mengi yaliyobeba rangi kidogo. Asiyejua kuacha hawezi kuichora.

Nasema bila kusita kwamba Usambara ni nchi iliyoumbiwa rangi hii. Milima yetu ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuteremka hadi Udzungwa. Ni milima ya kale mno, haikuzaliwa na volkano kama Kilimanjaro, na haina theluji wala kilele cha kupandiwa bendera. Utajiri wake ni unyevu. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja umebeba mvuke, unagonga miteremko hii, unapanda, unapoa, na unageuka ukungu na mvua. Misitu imeishi kwa unyevu huo kwa mamilioni ya miaka, na ndiyo maana ina mimea na viumbe visivyopatikana kwingine kokote. Asubuhi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu hujaza mabonde mpaka vilima vinabaki kama visiwa. Mchoraji wa rangi ya mafuta itabidi auigize ukungu ule. Mimi nalowesha karatasi, nagusa samawati kidogo juu na hudhurungi kidogo chini, na maji yanafanya yaliyobaki.

Tena ukungu huo unaniendeshea ratiba ya nyumba. Katika joto la pwani karatasi hukauka ungali unatafuta brashi ya pili. Huku naweza kutandaza anga, nikaiacha barazani, nikawasha moto, nikachemsha chai ya tangawizi, nikawavisha watoto masweta ya shule, nikamkatia ng'ombe majani, na nikirudi bado karatasi ina ubaridi wa unyevu, tayari kupokea mstari wa kwanza wa milima. Wenzangu wengine husema kazi hii inataka chumba cha peke yako na ukimya. Yangu inafanyika kati ya sufuria na ndoo, na siamini kwamba ingekuwa bora kama ingefanyika kwingine. Mtoto wangu mdogo hukaa kando na kipande chake cha karatasi. Anachora kuku tu, kila siku kuku, na kuku wake wana mwendo ambao mimi bado nautafuta.

Rangi kadhaa natengeneza mwenyewe, na mwalimu wangu katika hilo ni mama mkwe. Yeye hakuwahi kushika brashi ya kuchorea, ila amesiriba nyumba tangu usichana wake na anaujua udongo wa kijiji hiki kwa macho na kwa vidole. Nilipomwambia natafuta wekundu wa kwenye kingo za barabara, ule wa chuma kilichopata kutu ndani ya ardhi, alicheka.

"Huo wa barabarani una mchanga, mwanangu. Twende kwenye chemchemi, kwa juu."

Tulikwenda naye, yeye mbele na jembe, mimi nyuma na kopo. Aliparua tabaka la juu, akalitupa, akachimba kiasi cha kiganja, akausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada mpaka akaridhika. Alinionyesha pia udongo wa njano, na mwingine mweupe wenye ujivu ambao zamani ulipambia kuta. Nyumbani nauloweka, nakoroga, naacha mchanga uzame, namimina maji ya juu yaliyobeba unga laini, narudia tena na tena, kisha naukausha. Unga huo nausaga juu ya kioo na gundi ya Arabuni, ambayo ni utomvu wa miti ya jamii ya migunga, na tone la asali ili rangi isipasuke inapokauka. Hakuna siri zaidi ya hapo: rangi za maji zinazouzwa madukani nazo hushikwa kwa gundi hiyohiyo. Lakini ninapopaka njia ya kwetu kwa udongo wa kwetu, mama mkwe huinama juu ya karatasi na kuutambua. "Huu wa chemchemi," husema, na ukweli ndivyo ulivyo.

Kuna jambo linaloniuma katika picha nyingi za milima, za kuchora na za kamera. Mtu huondolewa. Wageni wanaokuja Lushoto husogeza kamera zao mpaka bati la nyumba litoke, shamba la kabichi litoke, bomba la maji litoke, ndipo wapige. Naielewa hamu hiyo ya kuona dunia isiyoguswa. Lakini Usambara iliyopigwa hivyo haipo. Hii ni miongoni mwa milima yenye watu wengi zaidi nchini. Miteremko yake imelimwa vizazi kwa vizazi, na hata simulizi ya ufalme wake inaanzia shambani. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, hakuwashinda Wasambaa kwa vita. Masimulizi yanasema alifika na mbwa wake, akawaua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia watu nyama, nao wakampa utawala. Kutoka kwake ndiko walikotoka Wakilindi, waliotawala kutoka Vugha. Nchi ambayo mfalme wake wa kwanza alipewa kiti kwa sababu ya kulinda mashamba haiwezi kuchorwa bila mashamba.

Kwa hiyo mimi nayaweka. Naweka matuta ya mteremko yenye kingo za majani ya guatemala, yale yanayozuia udongo usiteremke na hapohapo kumlisha ng'ombe wa zizini. Naweka kabichi, ambazo kwa mchoraji ni zawadi kubwa: kijani chake kina buluu ndani, na asubuhi yenye umande kila jani hubeba anga lake. Naweka karoti zinazooshwa mtoni na vijana waliokunja suruali, maji yakiwa ya machungwa kwa dakika chache kisha yakarudia rangi yake. Naweka matenga yaliyopangwa kando ya barabara yakisubiri fuso la kwenda Dar es Salaam. Mwenye kula kachumbari Kariakoo huenda anakula kipande cha mandhari yangu.

Sehemu iitwayo Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, ndiyo inayopigwa picha kuliko zote, na inastahili. Mwamba unakatika ghafla, na kama mita 1,000 chini unaona Mazinde, mistari ya mkonge na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Nendeni jioni, jua linapolala. Sitasema mengi juu ya Irente, maana haihitaji mtetezi.

Msitu wa Magamba ndio unaohitaji. Ni hifadhi ya mazingira asilia inayoanza juu tu ya mji na kupita mita 2,000, na ndani yake bado imo mikulo mikubwa, miti ya kafuri ya Usambara ambayo kwingine ilimalizwa kwa mbao. Huko naenda na watoto siku za mapumziko, tukiwa na mwongozaji, na chakula tulichofungiwa na bibi yao. Giza la msitu ule ni la kijani, si jeusi. Nikitumia rangi nyeusi nauua. Kuvumwani inaning'inia matawini, kangaga zimesimama juu kuliko mtu, na mbega wanaruka na mikia yao myeupe. Watoto wana macho makali kuliko yangu kwa vinyonga.

Lakini tunachokitafuta zaidi ni shorobo. Ndege huyu akitulia tawini ni kijani na buluu, humwoni. Akiruka, mbawa zinafunguka na unawaka wekundu ambao kila mchoraji akiuona hutamani kuvunja kibao chake cha rangi. Mwanangu mkubwa aliniuliza wekundu ule unatoka wapi, nikamweleza ninavyojua. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza Arthur Church, mtu aliyechunguza pia rangi za wachoraji, aligundua kwamba wekundu wa mbawa za shorobo una shaba ndani yake, madini ya shaba yenyewe, jambo la ajabu sana katika manyoya ya ndege. Tena rangi hiyo huyeyuka katika maji yenye magadi. Yaani, mwanangu akasema, shorobo naye ni rangi ya maji. Tangu siku hiyo hakuna anayeruhusiwa nyumbani kwetu kumchora kwa rangi nyingine yoyote.

Ninaposema msitu unahitaji mtetezi nakumbuka ua moja dogo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani upande wa Tanga, alipeleka kwao mbegu za mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya urujuani, unaoota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia. Leo watoto wa mmea huo wamejaa katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, wa kila rangi ambayo biashara imeweza kubuni, wakati ndugu zao wa porini wamebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, hasa Usambara Mashariki. Nimewachora mahali pao, juu ya jiwe lenye maji yanayochuruzika. Rangi yao halisi ni ya upole kuliko ya madukani. Mti wa juu ukikatwa, jua likigusa jiwe lile, ua limekwisha. Mkulima anayeishi jirani na msitu hana dhambi ya kutaka kuni wala ya kutaka kulisha wanawe. Lakini maji ya karoti zake yanatoka chini ya miti ileile, na wazee wengi wa huku wanalijua hilo vizuri kuliko waandishi wa ripoti.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni ya Mtae, kaskazini kabisa, ambako ndugu za mume wangu wanaishi. Basi linachukua saa kadhaa, kupitia mashamba na misitu ya kupandwa, na mwishoni barabara inapita juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zikiwa zimeshikilia pande zote mbili. Chini ni tambarare ya Mkomazi. Siku ambayo hewa imeoshwa na mvua, Kilimanjaro hujitokeza mbali. Wageni humsubiri, wenyeji humtazama mara moja na kuendelea na maharage yao.

Huko ninapokaa na ubao wangu, baba mdogo wa mume wangu huvuta kigoda na kukaa nyuma yangu. Si mtu wa kusifia picha. Kazi yake ni kunitajia vilivyomo. "Hilo tuta ni la marehemu kaka. Hilo la pili la yule aliyekwenda Tanga, sasa analima mdogo wake. Pale penye kivuli ndipo tulipochimba mfereji tukiwa vijana. Na pale umeacha peupe, mkwe, pana nini?"

"Ukungu, baba."

"Chini ya ukungu huo pana migomba yangu."

Nami huchukua brashi nyembamba nikaiweka migomba, mistari michache ya kijani inayoanza kuonekana pale ukungu unapoachia.

Plamsi huiva karibu na Krismasi; anayependa ukungu aje kipupwe. Kwa vyovyote beba sweta zito, na ukifika Mtae usigeuze siku hiyohiyo. Mabasi ya kurudi huondoka usiku ukiwa bado haujakucha, na utakaowakuta watakutafutia kitanda.