Magoblini 32, na Bado Nilipigwa Deki

Nikisema kwa nyumba "naboresha deki yangu ya tokeni," mathe anasikia vitu viwili: naenda kupiga deki sakafu, halafu nitanunua tokeni za stima. Zote mbili ni habari njema kwake. Kisha anaingia chumbani na kunipata na makasi na gundi, kadi 100 zimetandazwa kwa blanketi, na ndoo ya maji iko kavu.

Wasee, leo naandika kuhusu hizo kadi. Pia naandika kuhusu viazi, na kuhusu maneno niliyomwambia mathe mwaka jana ambayo sijivunii. Nivumilieni, hivyo vitu vitakutana mbele.

Kwanza kwa wale hawajui. Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Uliundwa na Mmarekani anaitwa Richard Garfield na ukatoka mwaka wa 1993. Ukijua ile kadi yetu ya kusema "niko kadi", isahau kidogo. Kule wote mnagawana pakiti moja. Huku kila mtu anakuja na deki aliyojijengea mwenyewe, na kazi kubwa iko kwa kujenga.

Sisi hucheza mtindo wa Commander. Deki ina kadi 100, moja ikiwa kiongozi wako, na ukitoa ardhi za kawaida hakuna kadi inarudiwa. Mezani mko wanne na kila mtu anaanza na uhai 40. Kadi unazilipia na mana, na mana inatoka kwa ardhi. Deki yangu ni nyekundu, kwa hivyo ardhi yake ni milima. Niko na kadi 36 zimeandikwa Mountain, na asubuhi ikiwa haina mawingu nafungua dirisha hapa Timau naona ya 37.

Tokeni ni kiumbe ambaye hana kadi yake kwa deki. Kadi nyingine inasema "tengeneza magoblini wawili", nawe unaweka kitu mezani kuwawakilisha. Sisi hutumia vifuniko vya soda. Kikiangalia juu, goblini yuko tayari. Ukishamtumia unakigeuza. Tokeni ikitoka mezani, imeisha. Hairudi mkononi mwako, hairudi kwa deki. Shika hiyo sheria, nitairudia.

Hakuna duka la hizi kadi hapa kwetu, na za asili ni bei. Kwa hivyo tulienda saiba tukachapisha. Ukurasa mmoja unaingia kadi tisa, kumi bob kila ukurasa wa rangi nyeusi. Milima 36 niliandika na kalamu, zile 64 zilizobaki zikaingia kwa kurasa nane. Shilingi themanini, tukabandika juu ya kadi za kawaida za kiosk. Mashindano rasmi huwezi ingia na kadi za kujichapishia, lakini sisi mashindano yetu ni Jumapili mchana kwa beshte yangu anayefanya kazi shamba la maua, kwa sababu hiyo ndiyo siku yake ya kupumzika.

Kiongozi wangu ni Krenko, Mob Boss. Bei yake mana nne. Kila zamu unamgeuza, anatengeneza magoblini kulingana na idadi ya magoblini uliyo nao. Akiwa peke yake anatengeneza mmoja, mnakuwa wawili. Zamu ijayo wanne. Halafu wanane, kumi na sita, thelathini na wawili. Mtu wa hesabu akiona hiyo kadi mara ya kwanza anatabasamu vibaya.

Mimi nilitabasamu vibaya. Nikasema kama Krenko anataka magoblini, wacha nimpe magoblini. Nikajaza deki na kila kadi inayozaa: Dragon Fodder, Krenko's Command, Hordeling Outburst, Siege-Gang Commander, Mogg War Marshal, na mengine. Nilihesabu kadi 31 za kuzaa. Zilizobaki zilikuwa za kuwaongeza nguvu hao waliozaliwa. Nikamtumia beshte picha ya orodha nikaandika "kwisha nyinyi".

Sasa Jumapili yenyewe. Ilikuwa mwezi wa nane, ile baridi ya Timau ya kucheza na kofia. Mambo yalienda vile nilikuwa nimeota. Hakuna mtu alimgusa Krenko. Nikafika magoblini kumi na sita, nikamgeuza, wakawa 32. Vifuniko vilijaa meza hadi tukaanza kutumia maharagwe. Kumi na tano wangeshambulia hiyo zamu, lakini niliwazuia. Nilitaka nisubiri zamu moja niwaue wote watatu kwa mpigo. Mkononi nilikuwa na kadi moja tu, na ilikuwa mlima.

Beshte wangu wa maua naye anacheza nyekundu. Akaangalia meza, akahesabu vifuniko polepole kama mtu wa kuhesabu pesa za chama, akaweka kadi inaitwa Blasphemous Act.

Hiyo kadi bei yake ni mana tisa. Ni ghali sana, watu wengi hawafiki huko. Lakini imeandikwa kwamba kila kiumbe aliye mezani anapunguza bei kwa mana moja, mpaka ibaki ile mana moja nyekundu. Viumbe wangu peke yao walikuwa 32. Alilipa mana moja. Kila kiumbe akala pigo la 13. Goblini wa kawaida uhai wake ni 1.

Tukafagia vifuniko na mkono, tukarudisha maharagwe kwa sufuria. Krenko kama kiongozi ungeweza kumleta tena, lakini akifa bei inapanda mana mbili, na mimi sikuwa na kingine chochote. Nilikaa hapo zamu nne nikivuta kadi moja moja, nikizaa magoblini wawili wawili, watu wakinipita kama jiwe. Nilitoka wa kwanza.

Kitu iliniuma si kushindwa. Iliniuma kwamba magoblini wangu ndio walilipia ile kadi. Ningekuwa na watatu tu, beshte hangeweza kuimudu.

Nikaenda nyumbani, na huko ndiko viazi vinaingia.

Mathe analima Shangi. Kama hujui viazi, Shangi ndiyo hiyo unakula kila mahali Kenya, inaiva haraka na inakaangika poa. Shida yake ni kukaa. Ukishaichimba inaanza kuota mapema, kwa hivyo huwezi kuiweka ukingoje bei ipande. Iko kama tokeni: ni mali ikiwa mezani, ikitoka hapo hairudi. Na mwezi huo kila mtu upande wetu alikuwa anachimba. Lori ya broka ikija inapata magunia yamepangwa kando ya barabara kuanzia huku mpaka uchoke kuhesabu. Broka anaangalia huo wingi anapunguza bei. Haongei sana. Wingi wenyewe unamsaidia.

Mathe aliuza. Pesa iliyotoka haikufika karo yangu. Nilikuwa niingie chuo mwezi wa tisa, nikabaki nyumbani hadi mwezi wa kwanza. Na siku aliponiambia, nilimjibu kwamba yeye hajui biashara, kwamba alikubali bei ya kwanza kama mtu wa kuogopa. Aliniangalia tu, akaenda kukamua. Tulikaa wiki mbili tukisalimiana kama majirani.

Hiyo Jumapili usiku ndio nilikaa kitandani na orodha ya deki yangu, na karatasi ya hesabu. Nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: hawa magoblini kazi yao ni gani? Sikuwa na jibu. Kadi 31 za kuzaa, na hakuna hata moja ya kutumia wanaozaliwa kabla waguswe. Nilikuwa nimefanya kile nilimlaumu mathe, na mimi sikuwa na lori mlangoni wala viazi vinavyoota. Nilikuwa na uhuru wote wa kuchagua.

Basi kama una deki ya tokeni, iwe ya magoblini au ya nyoka au ya askari, hivi ndivyo nilivyoirekebisha yangu.

Jambo la kwanza, goblini alipwe akiingia. Kuna kadi inaitwa Impact Tremors, mana mbili, inasema kila kiumbe wako akiingia mezani, kila adui anapoteza uhai 1. Kuna Purphoros, God of the Forge, anayetoa uhai 2. Rudi kwa ile Jumapili yangu ufanye hesabu. Tokeni 31 ziliingia. Impact Tremors ingekuwa mezani tangu mwanzo, kila adui angekuwa amepoteza uhai 31, amebaki na 9, na mimi sijashambulia hata mara moja.

La pili, alipwe akitoka. Goblin Bombardment, mana mbili, inakuruhusu kutoa kiumbe wako yeyote, wakati wowote, umpige mtu pigo la 1. Beshte akiweka Blasphemous Act, mimi najibu kabla haijafanya kazi. Maadui watatu wenye uhai 9 ni 27. Nilikuwa na 32. Yaani kwa hizo kadi mbili ningeshinda palepale, na kubaki na watano wa kunisindikiza nyumbani. Hiyo hesabu niliifanya mara tatu kwa sababu sikuamini.

La tatu, wachache wawe mbegu. Skullclamp ni kifaa cha mana moja. Ukimvalisha goblini wa kawaida, uhai wake unashuka hadi sifuri, anakufa, na wewe unavuta kadi mbili. Mana moja, kadi mbili, kila goblini. Kina nguvu hadi mwaka wa 2004 kilipigwa marufuku katika mtindo wa Standard. Kwa Commander kinaruhusiwa. Kadi iliyo mkononi haifagiwi na Blasphemous Act.

La nne, ukiwa mbele, wacha kuongeza. Hili halihitaji kadi, na ndilo gumu kuliko yote. Nikiwa na magoblini wa kutosha kumaliza mtu mmoja, nammaliza. Kadi mbili za kuzaa zinabaki mkononi za kuanza upya. Meza iliyojaa inapendeza kupigwa picha tu.

Ili hizo ziingie, nilitoa kadi 14 za kuzaa, nikabaki na 17. Iliyoniuma ni Empty the Warrens, kadi pekee ya asili niliyo nayo, niliyoletewa na binamu yangu kutoka Nairobi. Ni tamu ukiicheza baada ya kadi nyingi zamu hiyohiyo. Deki yangu haifanyi hivyo, kwa hivyo kwangu ilikuwa mana nne za magoblini wawili. Iko nyuma ya kava ya simu saa hii.

Sasa, msifikirie nilienda kumfundisha mathe kilimo na kadi za magoblini. Nilienda kumwomba msamaha, na nilifanya vibaya, nikianza na "unajua kuna kadi inaitwa…" Akaniambia, "Wewe kijana, ongea Kiswahili." Nikasema nilikosea, hakuwa na njia nyingine siku ile. Akasema alijua bei ilikuwa mbaya, ila alikuwa amehesabu siku ngapi Shangi ingekaa, na mimi sikuwa nimehesabu.

Kisha akaniambia alichokuwa ameshaanza kupanga bila mimi. Nusu ya shamba alitaka kuweka minji. Viazi alitaka apande kwa awamu mbili badala ya siku moja, ndiyo vyote visiive pamoja. Na alikuwa ameongea na mama mmoja wa chipsi Nanyuki, amchukulie gunia mbili kila baada ya wiki mbili. Yaani mathe alikuwa anajenga Impact Tremors yake wakati mimi nilikuwa nimenuna chumbani. Msimu huu bei ya broka bado ilikuwa mbaya. Lakini si kila gunia lilimngoja broka, na mimi niko chuo.

Deki nayo? Bado nachapwa. Tangu nibadilishe nimeshinda mara kama moja kwa kila nne, na kwa meza ya watu wanne hiyo ndiyo haki yangu, si miujiza. Tofauti ni kwamba sikai tena zamu nne nikiwa maiti. Na wiki jana beshte wa maua aliweka tena Blasphemous Act, nikamwambia "ngoja kidogo," nikaanza kusukuma vifuniko upande wake kimoja kimoja. Alipiga kelele jirani akaja kuangalia.

Kama una deki ya tokeni, ihesabu usiku wa leo: ngapi zinazaa, na ngapi zinajua la kufanya na waliozaliwa? Niandikieni namba zenu. Mimi naenda kupiga deki, ile ya ndoo. Mathe amekuja kuangalia mara mbili.